Nimekutwa damu O, ukoo mzima umeshaamua figo yangu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, ni mtoto wa tano na wa mwisho kwa mama yetu. Naishi Tanga, nauza machungwa kwa jumla pale Mgandini. Kaka yetu mkubwa ana miaka 38. Mwaka jana alianza kutapika asubuhi na kuvimba miguu. Tukadhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za miti miezi miwili. Alipofikishwa hospitali tukaambiwa figo zote mbili zimekwisha. Sasa yuko Dar es Salaam, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kazi ya udereva ameiacha.

Madaktari wametuambia tafuteni ndugu wa kumchangia figo. Dada yetu ana sukari. Kaka wa tatu ana presha. Anayenitangulia mimi alikubali, akapanda basi mpaka Dar, mkewe akampigia simu akiwa getini kwa hospitali, akageuza. Mama hamsemeshi mpaka leo. Nikabaki mimi. Nikapimwa kundi la damu, nikakutwa O. Jioni hiyohiyo mama akaanza kupigia watu simu: "Tumepata!" Shangazi, mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka, hakuna aliyeniuliza kitu.

Kaka ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki nikiwa darasa la tatu (baba naye alivimba miguu mwishoni, wakasema karogwa). Kila mama akinitazama siku hizi naona anazihesabu zile karo. Baba mdogo ameahidi kuniandikia kiwanja chake cha Pongwe nikikubali. Wifi ananipigia usiku analia. Kaka mwenyewe hajasema neno. Nikimtembelea tunaongea habari za Simba na Yanga.

Na nimeposwa. Mama wa mchumba wangu ametamka mbele za watu kwamba wao hawakuja kuposa mwanamke nusu, kwamba mwenye figo moja habebi mimba. Mchumba wangu ananyamaza tu.

Daktari mmoja aliniambia nisiogope, waliotoa figo wanaishi vizuri kuliko hata watu wa kawaida. Binamu yangu anayesomea utabibu anasema kuna utafiti unaoonyesha hatari ya mchangiaji kuharibikiwa figo inapanda mara nane. Nimwamini nani? Na nikikataa, nitakaa wapi na ndugu zangu? Kisu nakiogopa, lakini mama namwogopa zaidi.

Ni mimi,
Kitinda Mimba, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni nyote, na kaka umfikishie pole yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwa mama wa mchumba wako nikapandwa na hasira, nikaiweka pembeni. Mara ya tatu ndipo nikaona yale maneno uliyoyaficha ndani ya mabano. Baba alivimba miguu akafa. Kaka mkubwa amevimba miguu, figo zimekufa kabla ya miaka arobaini. Kaka wa tatu ana presha. Mwanangu, nimevaa sare ya unesi zaidi ya nusu ya umri wangu, na familia ya namna hii ikija na kijana wa miaka 26 anayetaka kutoa figo, kitu cha kwanza ninachotaka kujua hakihusu kundi la damu. Nataka kujua nini kilichoua figo za kaka.

Huenda mmeambiwa "presha". Kila mtu huambiwa presha. Lakini presha hupiga figo, na figo mbovu nazo huleta presha. Mgonjwa akichelewa kufika, mara nyingi hakuna anayeweza kusema kipi kilitangulia. Yapo magonjwa ya figo yanayotembea kwenye damu ya ukoo. Mojawapo hujaza figo vifuko vya maji, na mtoto wa mgonjwa huwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ukiwa na umri kama wako, ultrasaundi inaweza ikaonyesha figo safi, kumbe vifuko bado vidogo mno kuonekana. Jingine liligunduliwa mwaka 2010: kuna mabadiliko kwenye jeni inayoitwa APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Magharibi kuliko huku kwetu. Yanasaidia mwili kupambana na vijidudu vya malale, lakini anayeyarithi kwa baba na kwa mama pia, figo zake ziko kwenye hatari kubwa zaidi. Sisemi kaka yako ana hili au lile. Ninasema daktari aulizwe, tena aulizwe na wewe. Na huyo kaka wa tatu apimwe mkojo na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) wiki hii, maana mmemwondoa kwenye orodha ya wachangiaji bila mtu kujiuliza kama naye si mgonjwa anayefuata.

Sasa tuje kwa daktari na binamu. Wote wawili wamesema kweli, na ndiyo maana umechanganyikiwa.

Daktari wako nadhani ana akilini utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009. Waliwafuatilia watu 3,698 waliotoa figo tangu mwaka 1963. Wakakuta wanaishi umri uleule wa watu wengine, na wanaofikia kuharibikiwa figo kabisa ni wachache kuliko kwa raia wa kawaida. Habari njema, na hospitali nyingi ziliishika hiyo. Ila tazama walilinganishwa na nani: raia wote, wenye sukari humo, wavuta sigara humo, wenye presha humo. Mchangiaji figo ni mtu aliyechekechwa kama unga wa sherehe. Ukimpambanisha na soko zima la Mgandini, lazima aonekane ana afya, hata kama umempunguzia kitu.

Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani walifanya hesabu kwa njia ya haki zaidi. Walichukua wachangiaji 96,217, wakawalinganisha na watu wenye afya nzuri kiasi kwamba nao wangefaa kuchangia, ila hawakuchangia. Ndani ya miaka 15, katika kila wachangiaji 10,000, kama 31 figo zao zilifeli. Kwa wale wenzao wenye afya walikuwa kama 4. Hapo ndipo binamu alipotoa mara nane. Lakini mwambie anapotaja mara nane ataje na 31 kati ya 10,000, maana ukitaja la kwanza ukaacha la pili unamtisha mtu bila kumfahamisha.

Na kuna mstari ambao binamu hakukusomea, au ameupita haraka. Kwa Wamarekani weusi waliochangia, idadi ilikuwa kama 75 kati ya 10,000, na kwa weusi wenye afya ambao hawakuchangia ilikuwa kama 24. Wewe si Mmarekani, vyakula vyako na maisha yako ni mengine, na jeni zetu za pwani ya mashariki si zilezile. Hesabu yetu wenyewe ya miaka 15 bado haiwezi kuwepo: Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018 na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipandishwa ndege. Kwa hiyo tunaazima hesabu za wenzetu, na tunaziazima tukijua hazikushonwa kwa mwili wetu.

Umri wako nao una neno. Watu husema kijana ndiye mchangiaji mzuri, ana nguvu, atapona upesi. Ni kweli atapona upesi. Lakini mtu wa miaka 55 aliyepimwa akakutwa hana sukari wala presha, ameshapita sehemu kubwa ya njia. Wewe ukipimwa leo ukakutwa safi, hicho ni cheti cha leo. Mbele yako una miaka hamsini ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuiona. Ukiunganisha na hilo la baba, utaelewa kwa nini ningependa daktari akuchunguze kwa jicho kali kuliko mchangiaji mwingine. Katika tafiti hizi ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa ndio huonekana kuwa na hatari zaidi baadaye kuliko anayemchangia mtu asiye wa damu yake, na sababu yake haihitaji digrii.

Kisu chenyewe usikiogope kupita kiasi. Marekani walihesabu wachangiaji 80,347 wa kati ya mwaka 1994 na 2009. Waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa 25, yaani kama watatu kwa kila 10,000. Kwa miaka ya 2013 hadi 2022 wameshuka chini ya mmoja kwa kila 10,000. Uliza kama watakufanyia kwa matundu madogo ya kamera au kwa kukupasua ubavuni, kwa sababu maumivu na siku za kulala hutofautiana sana. Mara nyingi huchukuliwa figo ya kushoto, mshipa wake ni mrefu, unawarahisishia kuunganisha. Inayobaki hukua kidogo na kuongeza kazi, mpaka unakuwa na kama asilimia 60 hadi 70 ya uwezo uliokuwa nao na mbili. Maisha ya kila siku hayahitaji zaidi ya hapo. Ila wewe unabeba matenga. Kwa wiki sita hivi hutanyanyua kitu kizito, na hapo sokoni wiki sita zinatosha wateja kumzoea mtu mwingine. Nani atakulipia hizo wiki? Katika barua nzima sikuona hata mmoja aliyelifikiria.

Haya, mama wa mchumba. Mwanamke mwenye figo moja anabeba mimba na anajifungua. Edith Helm wa Marekani alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, akajifungua mtoto mwaka 1958. Na yule alikuwa mgonjwa aliyepandikizwa, sembuse mchangiaji mwenye afya. Lakini nisikudanganye kwa kumkomesha mama mkwe. Huko Ontario, Kanada, waliwafuatilia wanawake 85 waliopata mimba baada ya kutoa figo, mimba 131 kwa jumla, wakawalinganisha na wanawake 510 wenye afya kama wao. Presha ya ujauzito au dalili za kifafa cha mimba zilitokea kwenye asilimia 11 ya mimba za wachangiaji, na asilimia 5 za wenzao. Hakuna mama mchangiaji aliyekufa, wala watoto njiti hawakuzidi kwa kiasi cha kuhesabika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015, na mimi naona kila msichana anayeombwa figo asomewe kabla hajatia sahihi. Maana ya asilimia 11 inategemea uko wapi: ukijifungua mjini, presha inapimwa kila kliniki, hilo ni jambo la kudhibiti. Ukiolewa ukapelekwa kijijini ambako zahanati ina mashine ya presha iliyoharibika tangu mvua za masika, ni jambo jingine. Na ukishachangia, husubiriwa angalau miezi sita, wengine husema mwaka, kabla ya kubeba mimba. Hayo mchumba wako ayasikie kutoka kwa daktari, mkiwa mmekaa wawili. Akiendelea kunyamaza hata hapo, utakuwa umejua jambo ambalo ni afadhali kulijua kabla ya harusi.

Kaka naye atapata nini? Figo ya mtu aliye hai ndiyo bora kuliko zote. Mara nyingi hufanya kazi miaka 15 hadi 20. Maisha ya mashine mara tatu kwa wiki unayaona mwenyewe. Lakini atameza vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo kila siku ya maisha yake, akiviacha kwa sababu hela imeisha figo inakufa, na kwa umri wake huenda akahitaji nyingine akiwa na miaka 55. Muulizeni mtu wa bima maswali ya dawa hizo kabla ya kuuliza ya upasuaji. Nimeona familia inauza ng'ombe wote kwa ajili ya siku moja ya kisu, halafu mwaka wa pili wanachangishana vidonge kwenye kundi la WhatsApp.

Na hiyo O yako, kwa kweli, ni hodi tu. O humpa mtu wa kundi lolote, ndiyo maana mama alishangilia. Baada yake kuna kulinganisha tishu: kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mmoja kati ya wanne hufanana kabisa, wawili hufanana nusu, mmoja hafanani. Kisha damu yako na ya kaka zichanganywe kuona kama hazipigani, mkojo wa saa 24, picha ya mishipa, sukari, presha, moyo, mtaalamu wa akili na nafsi. Kwenye ngazi zote hizo unaweza kuteremka. Mama ametangaza arusi kabla ya posa.

Sasa lile uliloliandika mwisho. Unauliza utakaaje na ndugu ukikataa. Lipo jambo ambalo watu wa nje ya wodi hawalijui. Katika vituo vingi vya upandikizaji duniani, mchangiaji huonwa peke yake, bila mgonjwa na bila ndugu, na akisema hataki, au anasukumwa, daktari huwaambia ndugu neno moja tu: hafai kuchangia. Hataji sababu. Hasemi uongo pia, kwa sababu mtu asiyetaka hafai. Omba uonwe peke yako, na mwambie daktari yote uliyoniambia mimi, hata la karo. Unaweza kubadili nia baada ya vipimo vyote, unaweza kubadili asubuhi ya upasuaji ukiwa umeshavalishwa lile gauni la kijani. Ndugu yako aliyegeuza getini mnamnunia, lakini alikuwa na haki hiyo, na nadhani kama angepewa mlango wa siri wa kutokea asingelazimika kukimbia.

Kuhusu karo: kaka alikulipia ada, hakukununua. Sijui mama kama anazihesabu kweli au wewe ndiye unayezihesabu machoni mwake. Inawezekana pia anakuogopa kama unavyomwogopa, kwa sababu wewe ndiye uliyeshika jibu, na mama mwenye mtoto kwenye mashine huwa hatazami mtu vizuri.

Kiwanja cha Pongwe kikatae. Figo kwa kiwanja ni biashara, hata ikifungwa kwenye kanga ya undugu, na ukitaja kiwanja mbele ya daktari anayejua kazi yake atasimamisha kila kitu. Majirani zetu Kenya mwaka 2025 walitikiswa na kashfa ya vijana waliokuwa wakiuza figo kwa wageni. Tangu hapo kila anayeuliza maswali ya mchangiaji huuliza kwa ukali, na ni sawa. Wanaouliza dini: Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1988 liliruhusu mtu hai kutoa kiungo ambacho uhai wake hautegemei, kwa hiari yake, na likakataza kukiuza. Lakini kulipiwa nauli, chakula na kipato ulichopoteza si kuuza. Baba mdogo kama anataka kusaidia, awaulize watu wa hospitali namna ya kukulipia hizo wiki sita za soko, kwa hesabu iliyoandikwa, bila hati ya kiwanja.

Umeona nimekuandikia kurasa hizi zote sijakwambia toa au usitoe. Ukinilazimisha, nasema hivi: kwa ninavyoyaona mambo leo, kabla hakijajulikana kilichoua figo za kaka, jibu ni bado. Likijulikana, na si la kurithi, na vipimo vyako vikawa safi, na moyo wako ukawa unataka hata mama akiwa hayupo chumbani, basi ni kitu ambacho watu wamekifanya wakaishi. Yule wa kwanza ambaye figo aliyotoa ilifanikiwa kudumu, Ronald Herrick, alimpa pacha wake Richard figo kule Boston tarehe 23 Desemba 1954. Richard alipata miaka minane, akaoa nesi wake akazaa watoto. Ronald alifundisha hesabu shuleni na kuishi na figo moja miaka 56. Inasemwa usiku ule wa kuamkia upasuaji Richard alimwandikia kikaratasi akimwambia aondoke arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na anabaki.

Kikaratasi hicho ndicho kinachokosekana kwenu. Kaka anaongea Simba na Yanga kwa sababu hana pa kuanzia. Akiomba ataonekana mnyang'anyi, akikataa wanawe watabaki yatima. Nenda Dar. Usiende siku ya mashine, siku hiyo mtu huwa hoi. Nenda kesho yake, uende peke yako, wifi mtume dukani. Mwulize kaka yeye anataka nini, na umwambie unaogopa. Kisha mwulize baba alikuwa anaumwa nini hasa, maana yeye alikuwa mkubwa na huenda anakumbuka alichosema daktari kabla watu hawajaanza kusema uchawi.

Shangazi